Kaptula, Nguo Nyeupe na Raba za Mtumba: Nani Amemvisha Mwanamichezo wa Singida?

Tarehe 15 Septemba 2025, jijini Tokyo, Alphonce Simbu, mzaliwa wa mkoa wa Singida na askari wa JWTZ, aliufikia mstari wa mwisho wa marathoni ya mashindano ya dunia sambamba na Mjerumani Amanal Petros. Wote wawili waliandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, na waamuzi wakalazimika kuitazama picha ili kumjua mshindi. Simbu alitangulia kwa sekunde 0.03. Hakuna Mtanzania aliyewahi kutwaa dhahabu katika mashindano hayo ya dunia ya riadha kabla yake.

Siku chache baadaye, mahali ninaponywea chai na wenzangu, mmoja wetu alidai kwamba mbio za siku hizi hushindwa na kiatu. Alikuwa akizungumzia raba zenye soli nene ya povu na bamba la kaboni ndani yake, ambazo zimeubadilisha mchezo huu tangu mwaka 2017 kiasi kwamba mwaka 2020 shirikisho la riadha la dunia lililazimika kuuwekea unene wa soli kikomo cha milimita 40. Nilimjibu kwa ukali kidogo. Washindani wote wa mbele pale Tokyo walivaa viatu vya aina hiyo, nikasema, na mguu ndio ulioamua. Lakini nilipokuwa njiani kurudi nyumbani nilikiri moyoni kwamba amegusa jambo ambalo sisi wanafunzi wa historia ya jamii tumelipuuza. Tumeandika mengi kuhusu mavazi ya wanawake na vita vilivyopiganwa juu yake. Kuhusu kile anachovaa mwanaume anapokwenda kukimbia, kucheza mpira au kushika raketi ya tenisi, tumekaa kimya, kana kwamba bukta na fulana vilijichagua vyenyewe.

Tuanze mbali kidogo. Barabara ya misafara ya karne ya 19 kutoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe ilipita Ugogo na kuvuka nchi ambayo leo ni wilaya ya Manyoni. Watemi wa njia hiyo walitoza hongo, na hongo ililipwa kwa shanga, nyaya na nguo. Nguo iliyopendwa zaidi ilikuwa merikani, kitambaa cha pamba kisichopakwa rangi kilichofumwa viwandani Massachusetts na kupitishwa Zanzibar. Kwa hiyo nguo ya pamba kutoka Marekani ilifika bara letu la kati kabla ya Mjerumani na kabla ya Mwingereza, na ilifika kama fedha. Msomaji akae na jambo hilo, maana mwishoni mwa makala haya Marekani itarudi na nguo nyingine.

Waingereza walipoishika Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza walikuja na michezo yao, na kila mchezo ulikuwa na sare yake. Tenisi ilikuwa na sare kali kuliko yote: nyeupe, kuanzia shati hadi kiatu. Asili ya weupe huo ni Uingereza ya enzi za Malkia Victoria, ambako doa la jasho lilionekana kuwa aibu na rangi nyeupe iliaminika kulificha. Wimbledon bado wanaishikilia kanuni hiyo, na mwaka 2014 waliikaza zaidi. Hadi miaka ya 1920 wanaume walicheza wakiwa na suruali ndefu za flaneli na mashati ya mikono mirefu yaliyotiwa wanga. Mfaransa René Lacoste alipoingia uwanjani mwaka 1926 na shati la pamba la mikono mifupi, lenye kola laini na mkia mrefu kidogo nyuma ili lisichomoke, alikuwa anatatua tatizo la mchezaji: kupumua na kunyoosha mkono. Mwaka 1933 Mwingereza Bunny Austin akathubutu kucheza Wimbledon akiwa amevaa kaptula, na watu wakashangaa.

Sasa tuulize weupe huo uligharimu nini ukihamishiwa nchi kavu kama yetu. Singida hupata mvua msimu mmoja tu kwa mwaka, na miezi ya kiangazi upepo huinua vumbi jekundu linaloingia hadi kwenye chumvi ya jikoni. Shati jeupe linalochezewa tenisi mara mbili kwa wiki katika mazingira hayo linahitaji maji, sabuni, pasi ya mkaa, na mtu wa kufanya kazi hiyo. Mtu huyo alikuwa dobi au mtumishi wa nyumbani, na maji yalichotwa mbali. Hakukuwa na haja ya kuandika kibao kinachowakataza Waafrika kucheza, ingawa klabu za Wazungu, ikiwemo Gymkhana ya Dar es Salaam, ziliwafungia mlango kwa kanuni za uanachama pia. Nguo peke yake ilitosha kuchuja. Aliyeifua aliijua kila uzi wake na hakuwahi kuivaa.

Mwafrika alipewa kaptula ya kaki. Askari wa KAR walivaa kaptula, tarishi alivaa kaptula, mpishi wa bwana mkubwa alivaa kaptula, na mwanafunzi wa shule ya serikali alivaa kaptula. Ni kweli kwamba maofisa wa Kiingereza nao walivaa kaptula mchana, na soksi ndefu hadi chini ya magoti. Tofauti ilikuja jioni: wao walibadilisha. Kijana wa Kinyaturu au Kinyiramba aliyepelekwa shule alikuwa na kaptula moja ya darasani, ya shambani na ya mpira. Hadi leo neno hilo limebaki na harufu ya kutawaliwa na kuvishwa kisichokutosha, na si bahati mbaya kwamba Euphrase Kezilahabi alipotaka kuikejeli itikadi ya kuazima aliiita tamthilia yake *Kaptula la Marx*.

Uhuru haukuiondoa kaptula. Uliipa maana mpya. Jeshi la Kujenga Taifa lililoanzishwa Julai 1963 liliwavalisha vijana kaptula na kuwakimbiza alfajiri, na wanafunzi wa Chuo Kikuu waliogomea utumishi wa lazima Oktoba 1966, wakafukuzwa takribani 400, walikuwa wakigomea posho na pia kudhalilishwa huko, kama walivyouona wao. Shuleni, mchakamchaka ukawa somo la kwanza la siku. Mwishoni mwa mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, uliopiga marufuku sketi fupi, mawigi na pia suruali za kubana za wanaume. Chama kilikuwa na maoni kuhusu kila vazi la kijana. Kuhusu miguu yake mitupu kwenye mchakamchaka hakikuwa na maoni.

Mwaka huohuo wa 1968, John Stephen Akhwari wa Mbulu, majirani zetu wa kaskazini, aliimaliza marathoni ya Olimpiki ya Mexico akichechemea na bandeji mguuni, wa mwisho kati ya waliomaliza. Mwaka 1974 Filbert Bayi wa Karatu akaivunja rekodi ya dunia ya mita 1500 huko Christchurch. Uwanda huu wa juu, kuanzia Karatu na Mbulu hadi Singida, ulikuwa umeonyesha unaweza kuzaa wakimbiaji. Taifa lilipaswa kujiuliza swali la kawaida kabisa: wavae nini?

Jibu lilitolewa kwa namna ya ajabu. Mwishoni mwa miaka ya 1970, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, Tanzania ilijenga kiwanda cha viatu Morogoro kilichokusudiwa kutengeneza jozi milioni 4 kwa mwaka. Nchi ilikuwa na ngozi, ilikuwa na pamba ya turubai, ilikuwa na mamilioni ya watoto pekupeku. Lakini sehemu kubwa ya viatu hivyo ilipangwa kuuzwa Ulaya. Jengo lilikuwa na kuta za alumini na halikuwa na njia za hewa, katika joto la Morogoro. Mashine ziliharibika, vipuri havikupatikana, na uzalishaji haukufika hata asilimia 5 ya uwezo wake. Mwaka 1990 kilikuwa kimekufa. Kila ninapowafundisha wanafunzi habari za kiwanda hiki huwa wanacheka, na mimi hukumbuka kwamba katika miaka hiyohiyo nilikuwa mtoto wa shule ya msingi wilayani Iramba, nikikimbia mchakamchaka bila kiatu, mwezi Julai, katika ubaridi ule unaokata nyayo.

Baada ya vita vya Kagera hali ya nguo ilikuwa mbaya kuliko ya viatu. Maduka ya kaya yalikuwa na foleni na hayakuwa na bidhaa. Mwaka 1983 ilikuja kampeni dhidi ya wahujumu uchumi, na mtu mwenye doti kadhaa za khanga ndani aliweza kulala macho. Bajeti ya mwaka 1984 ililegeza: mwenye fedha zake za kigeni aliruhusiwa kuleta bidhaa bila kuulizwa alizitoa wapi. Ndipo marobota ya mitumba yalipoanza kuja kwa wingi, na ndani yake, pamoja na makoti ya baridi ambayo hakuna aliyejua la kufanya nayo, zilikuwamo raba.

Naomba nikae hapa kwa muda, kwa sababu mwanazuoni hupita mnadani haraka mno. Kijana wa Singida aliyejifunza kuchagua raba ya mtumba alijifunza sayansi ambayo hakufundishwa na mtu. Huichukua na kuikunja: ikikunjika pale vidole vinapopindia ni nzima, ikikunjika katikati ya unyayo haina uti. Hubonyeza povu la soli kwa dole gumba, kwa kuwa povu hukauka na umri hata kama kiatu hakikuvaliwa, na lililokauka hupeleka kishindo chote gotini. Huigeuza na kutazama kisigino kililika upande gani, maana mwendo wa mwenye kiatu wa kwanza umebaki pale, na ukivaa utakuvuta uende kama yeye. Hunusa gundi. Muuzaji mzoefu atakutenganishia pia raba ya kukimbia na ya uwanja wa tenisi au wavu: ya kukimbia imeinuka kisigino na ni nyepesi pembeni, kwa hiyo ukikata kona nayo ghafla kifundo hupinduka, ya tenisi ni bapa, nzito, na kuta zake zimeshona mguu. Juu ya fulana kuna mgogoro wa kudumu. Pamba ni nzuri ikiwa kavu, lakini ikinywa jasho hailiachi, na kwa upepo wa Singida mtu aliyelowa hupoa vibaya na kuchubuka kwapani; poliesta hukauka upesi na kushika harufu. Soksi za pamba zilizolowa zimewaletea malengelenge wakimbiaji wengi kuliko mawe ya barabara.

Huu ndio uchaguzi pekee ambao mwanaume wa kawaida wa mkoa huu amewahi kuachiwa katika mavazi ya michezo: kuchagua kati ya vilivyochakaa vya wengine. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa biashara hiyo hatua kwa hatua hadi mwaka 2019 ili viwanda vya ndani vipate pumzi. Mwaka uliofuata chama cha wafanyabiashara wa nguo kuukuu cha Marekani kililalamika kwa serikali yao, nasi tukatishiwa kuondolewa katika mpango wa AGOA. Kenya ilijitoa mapema, Tanzania na Uganda zikalegeza, Rwanda ikakaza na mwaka 2018 ikasimamishiwa nafuu ya kuuza nguo zake huko. Merikani ya karne ya 19 ililipwa kwetu kama hongo. Safari hii nguo zilikuja na tishio la kwamba tusipozipokea tutalipa sisi.

Sisemi kwamba kupiga marufuku kungetosha. Wakulima wa Iramba na Mkalama wanalima pamba, na sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania bado huondoka ikiwa nyuzi ghafi. Kuziba mnada kabla ya kufufua kinu ni kumvua mtu bukta ukimwambia fundi yuko njiani.

Desemba 2016, Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya mazoezi na kuitenga Jumamosi ya pili ya kila mwezi ili kukabili magonjwa yasiyoambukiza. Nia ilikuwa njema na bado ni njema. Kisukari na shinikizo la damu si magonjwa ya Wazungu tena. Lakini nimetazama jinsi ofisi nyingi zilivyoitikia. Kwanza huundwa kamati, kisha hununuliwa trakisuti zenye nembo ya taasisi mgongoni, za kitambaa kizito kinachozuia hewa, saizi zikikadiriwa. Mwenye cheo hupata na kofia. Miguuni kila mtu hujitegemea, na nimemwona mhudumu wa ofisi mmoja akikimbia kilomita tano na trakisuti mpya na viatu vya ngozi vya kazini, kwa kuwa ndivyo alivyokuwa navyo. Picha ilipopigwa, wapiga picha walikata kuanzia magotini kwenda juu.

Ndugu zangu mlioko halmashauri, ambao bajeti za michezo hupita mikononi mwenu kabla ya UMITASHUMTA, hesabu hii ni yenu. Chukueni fedha za trakisuti za mwaka mmoja mzigawe kwa bei ya jozi moja ya raba nzima pale mnadani. Kisha ulizeni ni watoto wangapi wa Ikungi watakaokimbia mashindano ya kata mwaka huu bila kiatu.