Mikanda Iliyoiumbua Ikulu ya Marekani

Kila unapozuka mzozo wa kigogo aliyefuta barua pepe za ofisi, watunza kumbukumbu hurudi Washington ya Novemba 1986. Huko ndiko wakubwa walikoipata habari, wakiwa wamechelewa, kwamba kompyuta haisahau upesi.

Yaliyotangulia ni mafupi. Mwaka 1971 Ray Tomlinson alituma barua pepe ya kwanza baina ya kompyuta mbili za mtandao wa ARPANET. Ujumbe ulijipanga katika faili moja refu, na aliyetaka wa mwisho alilazimika kulipitia lote. Mwaka uliofuata Larry Roberts akaandika programu ya RD, iliyoziorodhesha barua ili mtu achague ya kusoma, ya kuhifadhi na ya kufuta. Folda zetu za leo ni vitukuu vya kazi hiyo.

Katika miaka ya 1980, Baraza la Usalama la Taifa la Marekani lilitumia mfumo wa IBM ulioitwa PROFS. Kisa chake kimesimuliwa vizuri na Tom Blanton, aliyehariri kitabu cha barua hizo mwaka 1995, na makala haya yanamfuata yeye. Kashfa ya kuiuzia Iran silaha kwa siri na kuwapelekea waasi wa Contra wa Nicaragua sehemu ya fedha ilipokaribia kulipuka, karatasi ziliingizwa kwenye mashine ya kuchana. John Poindexter, mshauri wa Rais Ronald Reagan, akafuta ujumbe zaidi ya 5,000 kwenye kompyuta. Msaidizi wake, Luteni Kanali Oliver North, akafuta zaidi ya 700. Kwenye skrini zao palibaki peupe.

Lakini mafundi wa mitambo walikuwa na kazi yao ya kila siku, isiyo na sifa wala posho nono: kunakili kila kilichomo kwenye mikanda ya sumaku. Kwa kawaida mikanda hiyo hufutwa ikatumika tena. Safari hii waliiweka kando. Tume ya Seneta John Tower, iliyochunguza kashfa hiyo, ikasoma barua ambazo waandishi wake walidhani zimekwenda na maji, na Februari 1987 ikazitumia katika ripoti yake. North alikuja kuwa mtangazaji wa televisheni. Mafundi wale, kwa maoni yangu mashujaa wa kisa hiki, nani anawataja?

Mikanda yenyewe haikupona kirahisi. Januari 19, 1989, siku moja kabla ya Reagan kuondoka madarakani, mwanahabari Scott Armstrong na taasisi ya National Security Archive walikimbilia mahakamani baada ya kusikia kwamba kompyuta zingesafishwa kabla ya wageni wapya kuingia. Jaji Barrington Parker akazuia jioni hiyohiyo. Serikali ilishikilia kwamba barua pepe ni kama vikaratasi vya ujumbe wa simu, na kwamba cha muhimu kingechapishwa. Agosti 1993 mahakama ya rufaa iliikataa hoja hiyo, kwa kuwa karatasi iliyochapishwa inaweza isioneshe nani aliipokea barua na saa ngapi. Ni hoja ambayo karani yeyote wa masijala angewapa bure.

Miezi michache kabla ya hukumu hiyo, yalitokea ya usiku. Bill Clinton akiwa anasubiri kuapishwa mchana wa Januari 20, watumishi wa Nyaraka za Taifa walikuwa wanahamisha maelfu ya mikanda kutoka Ikulu. Mkuu wao, Don Wilson, alikuwa ametia saini mkataba unaompa Rais George Bush anayeondoka mamlaka juu ya yaliyomo. Haikupita muda, Wilson akatangazwa kuongoza kituo cha Bush katika Chuo Kikuu cha Texas A&M. Huhitaji kuwa mpelelezi ili ugune. Jaji Charles Richey aliubatilisha mkataba huo mwaka 1995.

Baadaye Ikulu ilirudia kosa: Desemba 2009 ilitangazwa kwamba barua pepe zipatazo milioni 22 za enzi ya George W. Bush, zilizohesabiwa kuwa zimepotea, zimepatikana. Kwa watu wa kawaida, Gmail ilikuja mwaka 2004 na lebo badala ya folda, pamoja na nafasi iliyofanya wengi waache kupanga kabisa. Februari 2011 hitilafu ya programu ilifuta visanduku vya baadhi ya wateja, pamoja na nakala zake zilizokuwa kwenye kompyuta nyingine. Google ilizirudisha barua hizo kutoka kwenye mikanda ya sumaku.