Beethoven kwa Shilingi Moja

Jumamosi tarehe 10 Agosti 1895, milango ya ukumbi wa Queen's Hall jijini London ilifunguliwa kwa yeyote mwenye shilingi moja mfukoni. Shilingi hiyo haikumpa mtu kiti. Alisimama katikati ya ukumbi, mbele kabisa ya okestra, akiwa huru kula, kunywa na hata kuvuta sigara, ila aliombwa asiwashe kiberiti mwimbaji akiwa anaimba. Okestra ilianza na utangulizi wa Rienzi, opera ya Wagner, na matamasha yanayoitwa Proms yakawa yamezaliwa.

Mwenye wazo hilo alikuwa Robert Newman, meneja wa ukumbi. Aliamini kwamba mtu asiyejua kusoma hata noti moja anaweza kuzoeshwa muziki wa klasiki kidogo kidogo: kwanza apewe anachokipenda, kisha kiwango kipandishwe. Katika tamasha lenyewe muziki mzito uliwekwa nusu ya kwanza, na nyimbo nyepesi zikafuata nusu ya pili. Baadaye Jumatatu ikawa siku ya Wagner, na Ijumaa ya Beethoven. Uongozi wa okestra alikabidhiwa Henry Wood, kijana wa miaka 26.

Fedha zilitoka kwa daktari wa koo, George Cathcart, naye alikuwa na masharti: Wood ndiye aongoze, na vyombo vishushwe sauti. Okestra za Uingereza zilipiga karibu nusu toni juu ya zile za Ufaransa, waimbaji wakawa wanaumia, na Cathcart aliyajua madhara hayo kutokana na kazi yake. Wapigaji wa vyombo vya kupuliza walipogoma kununua vipya vya sauti hiyo ya chini, alivinunua yeye. Tabibu huyu anastahili kukumbukwa kuliko anavyokumbukwa.

Na yule aliyesimama, asiye na elimu ya muziki, aliambulia nini? Chukua Simfoni ya Tano ya Beethoven, iliyopigwa kwa mara ya kwanza Vienna mwaka 1808. Inaanza kwa mapigo manne, matatu mafupi na moja refu, na mapigo hayo yanaandama sehemu nzima ya kwanza. Mtoto anaweza kuyafuata. Wapiga matromboni wanakaa kimya sehemu tatu nzima. Mwishoni mwa sehemu ya tatu karibu kila kitu kinanyamaza, ngoma inagonga polepole chini kwa chini, sauti zinaanza kupanda, na bila kituo chochote okestra yote inalipuka, matromboni yakiwemo. Mwenye kusoma noti ataeleza jinsi mlipuko huo ulivyojengwa. Lakini kushtuka kwa moyo ni kwa kila mwenye masikio, na Beethoven alilipanga jambo hilo makusudi.

Ukimya wa kumbi za leo, ambako mgeni anaogopa kupiga makofi mahali pasipostahili, ni desturi ya baadaye. Mwaka 1813, Simfoni ya Saba ya Beethoven ilipopigwa Vienna katika tamasha la kuwachangia askari majeruhi, watu waliipenda sehemu ya pili hadi ikabidi irudiwe papo hapo. Beethoven mwenyewe ndiye aliyekuwa akiongoza.

Hadhira ya Wood nayo haikuwa bubu. Septemba 1912 alipowaletea vipande vitano vya mtunzi Schoenberg, muziki ambao London haikuwahi kusikia mfano wake, wengi walizomea. Wood hakuacha kuwaletea mambo mapya. Kuzomewa kulionyesha kwamba watu wanasikiliza kweli.

Njia haikuwa tambarare. Newman alifilisika mwaka 1902, na mwanabenki wa London, Edgar Speyer, akaubeba mzigo. Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilipozuka, Speyer, mwenye asili ya Kijerumani, alisukumwa nje ya nchi kwa chuki, ingawa muziki wa Wajerumani wenyewe uliendelea kupigwa. BBC ikayachukua matamasha mwaka 1927. Usiku wa tarehe 10 Mei 1941 mabomu ya Wajerumani yaliuteketeza Queen's Hall, na mwaka huohuo Proms zikahamia Royal Albert Hall.

Ziko huko mpaka leo. Tiketi za kusimama bado zinauzwa kwa bei nafuu, na wanaosimama katikati ya ukumbi ndio walio karibu zaidi na okestra, mbele ya waliolipia viti.