Mafunzo ya Usalama wa Wawindaji wa Marekani: Historia Fupi

Ni desturi njema ya wanachuo kuwakumbuka walimu wa walimu wao kabla ya kuyasifu matunda waliyoyachuma wenyewe, na kwa sababu hiyo maelezo haya mafupi juu ya mafunzo ya usalama wa wawindaji nchini Marekani, ambayo mwaka 2024 yalitimiza miaka 75 tangu jimbo la New York kuyapa nguvu ya sheria, yataanza kwa watu ambao hawakufundisha darasa hilo, lakini fadhila yao imo katika kila cheti anachokabidhiwa kijana anayejiandaa kwenda mwituni na bunduki yake.

Katika miaka ya 1930 wanyama wa mwituni wa nchi ile walikuwa wamepungua kiasi cha kuwatia jitimai hata wale waliowawinda. Mtumishi mmoja wa kamati ya Seneti iliyoshughulikia wanyamapori, Bwana Carl Shoemaker, alifikiri kwamba ushuru uliokuwa ukitozwa bunduki na risasi, badala ya kumezwa na hazina kuu, ungeelekezwa katika majimbo ili kuwahifadhi wanyama na makazi yao. Seneta Key Pittman wa Nevada aliupokea mswada wa wazo hilo. Willis Robertson, mbunge wa Virginia aliyepata kuiongoza tume ya wanyamapori ya jimbo lake na kuyajua vema mazoea ya majimbo kuzichota fedha za leseni, aliupokea pia, lakini kwa sharti moja: jimbo lisilopiga marufuku fedha za leseni za wawindaji kutumiwa kwa kazi nyingine lisipate hata senti. Sharti hilo, katika Kiingereza chake, lina maneno 29 tu. Nasi tuliohudumu katika kazi hii tunaona kwamba ni nadra sana kwa maneno machache kiasi hicho kulinda mali nyingi kiasi hicho kwa muda mrefu kiasi hicho.

Hadithi tuipendayo kuliko zote ni ya Bwana Shoemaker na akina mama wa Illinois. Mswada ulikwisha kupita katika Seneti, ukaja kukwama mikononi mwa mbunge Scott Lucas wa jimbo hilo, na siku zilikuwa zikiyoyoma. Bwana Shoemaker hakugombana na mtu. Aliwaandikia akina mama wa vilabu vya bustani na jumuiya nyingine za wanawake wa Illinois, akawaeleza habari ilivyo, na haukupita muda barua na simu za maandishi zikamiminika mezani kwa mbunge wao, hata mheshimiwa akamsihi Shoemaker awaondoe akina mama wale shingoni mwake naye atautoa mswada mara moja. Aliutoa, na tarehe 2 Septemba 1937 Rais Roosevelt aliutia saini. Tangu hapo sheria hiyo imeitwa kwa majina ya Pittman na Robertson, ingawa sisi katika dua zetu humwongeza Shoemaker na akina mama wale.

Baada ya Vita Kuu ya Pili watu wengi walirejea makwao na kuelekea mwituni, na ajali zikawa tatizo lisiloweza kufumbiwa macho. Kentucky ilitangulia kuanzisha mafunzo mwaka 1946. Mwaka 1949 New York, ikishirikiana na Chama cha Kitaifa cha Bunduki cha Marekani, iliweka mafunzo hayo kuwa wajibu kwa vijana, na hapo ndipo lilipozaliwa jeshi lile tukufu la wakufunzi wa kujitolea, yaani mafundi, wakulima, walimu wa shule na wastaafu, ambao baada ya kazi zao za mchana walikwenda kufundisha watoto wa watu bila ya ujira.

Masomo yao yalikuwa ya mkono na jicho. Mkufunzi alisimamisha uzio wa seng'enge katikati ya chumba, akamwita mwanafunzi auvuke akiwa na bunduki. Mwanafunzi alipaswa kwanza kutoa risasi, kuiacha bunduki wazi ili kila mtu aone kwamba ni tupu, kuilaza chini ya waya wa mwisho mtutu ukielekea kando, kisha kuvukia mahali pengine na kuiendea kwa upande wa kitako. Na aliyeuvuta mtutu kumwelekea yeye mwenyewe alirudishwa kuanza upya, kwa upole, hata mara ya nne. Kadhalika mkufunzi alishika risasi mbili za marisau, ya geji 20 na ya geji 12, akaonyesha jinsi ile ndogo, ikitiwa kwa kusahau katika bunduki ya geji 12, inavyoteleza na kukwama ndani ya mtutu, hata mwenye bunduki akidhani haina kitu akatia ya pili na kufyatua, mtutu ukapasuka karibu na mkono wake. Ndiyo maana risasi za geji 20 hutengenezwa kwa rangi ya manjano, ili jicho lionye kabla mkono haujatenda.

Rangi nayo ilikuwa na darasa lake. Wawindaji wa kale walijivunia mashati mekundu, ilhali wekundu hufifia jioni na kuwa weusi mtupu, na wako watu ambao macho yao hayautambui kabisa. Majaribio yaliyofanywa Massachusetts mwishoni mwa miaka ya 1950 yalithibitisha kwamba rangi ya chungwa inayong'aa ndiyo aula, na fulana ya rangi hiyo imewaokoa watu wengi ambao hawatajua kamwe kwamba waliokolewa.

California ilifuata mwaka 1954, Minnesota mwaka 1955, na majimbo mengine kwa zamu. Mwaka 1970 mbunge John Dingell na Seneta Philip Hart, wote wa Michigan, waliipanua sheria ya 1937: mapato ya ushuru wa asilimia 10 uliokuwa tayari ukitozwa bastola yakaongezwa katika mfuko wake, na nusu ya fedha hizo majimbo yakaruhusiwa kuitumia kwa mafunzo ya wawindaji na viwanja vya shabaha. Hapo mkufunzi aliyekuwa akinunua chaki kwa fedha zake alipata vitabu.

Miaka iliyofuata inaweza kuelezwa kwa ufupi:

1972: Texas, iliyopata ajali 105 na vifo 37 katika mwaka wa 1968 peke yake, yaanza mafunzo ya hiari, na vifaa vya upinde na mishale vyaongezwa katika ushuru wa sheria ya 1937.

1988: Texas yayafanya mafunzo kuwa wajibu kwa kila aliyezaliwa tarehe 2 Septemba 1971 au baadaye. Siku hizi vifo vya mwaka mzima jimboni humo aghalabu huhesabika kwa vidole vya mkono.

Miaka ya 2000: masomo kwa njia ya mtandao yaenea, mengi yakikamilishwa kwa siku ya mazoezi uwandani.

2019: sheria ya 1937 yarekebishwa ili fedha zake zitumike pia kuwavuta wawindaji wapya.

2020: maradhi ya UVIKO-19 yafunga madarasa, na majimbo mengi yaruhusu masomo yote yamalizwe mtandaoni.

Haikukosekana miaka ya mawimbi, ambapo idadi ya wawindaji ilipungua na wakufunzi wakongwe kutopata warithi upesi, lakini chombo hakikuzama. Leo cheti cha jimbo moja hukubaliwa katika majimbo mengine, na Mswahili aishiye Houston au Dallas anayetaka kumwinda kulungu hupita mlango ule ule apitao jirani yake. Katika Texas mwenye miaka 17 au zaidi anaweza kumaliza masomo yake yote mtandaoni, ilhali mtoto wa miaka 9 hadi 16 hutakiwa kuhudhuria darasa, au kusoma mtandaoni na kuongeza siku ya uwandani.

Mtandao umemfikia mfanyakazi wa zamu za usiku na mkaazi wa mbali, nasi tunaushukuru kwa dhati. Hata hivyo, maswali ya mtandaoni hupima anachokijua mtu, na mkufunzi huona anachokitenda mtu huyo bunduki ikiwa mkononi. Kwa hiyo mzazi mwenye nafasi tunamnasihi ampeleke mwanawe darasani, na aliyesoma mtandaoni aombe siku ya uwandani hata kama sheria haimdai. Na kwa yeyote mwenye uzoefu na subira tunasema: majimbo bado yanawahitaji wakufunzi, na jina lako litapokelewa kwa furaha.