John Cazale na Uzito wa Mhusika Msaidizi

Mzee Vito Corleone anachagua machungwa kwenye genge la matunda jijini New York. Mara wauaji wawili wanamwandama kwa risasi. Mwanawe Fredo, aliyekuwa akimsubiri garini, anashuka, anababaika na bastola, nayo inamponyoka mkononi. Wauaji wanatokomea. Fredo anaketi ukingoni mwa barabara na kulia, baba yake kalala kando.

Tukio hilo la The Godfather (1972) ni fupi, lakini anguko zima la Fredo limekwisha kupandwa humo. Aliyelipanda ni John Cazale, mzaliwa wa Revere, Massachusetts, mwaka 1935, ambaye hiyo ndiyo iliyokuwa filamu yake ndefu ya kwanza. Kabla ya hapo alikuwa mtu wa jukwaani. Aliwahi pia kufanya kazi ya utarishi katika kampuni ya mafuta, na huko ndiko alikokutana na Al Pacino, tarishi mwenzake. Wawili hao walikuja kuigiza pamoja katika tamthilia ya Israel Horovitz.

Katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili tumezoea kuwagawa wahusika: mkuu na wasaidizi, bapa na duara. Mgawanyo huo una manufaa yake darasani. Kosa huingia pale tunapodhani kwamba mwenye nafasi ndogo katika hadithi ana uzito mdogo pia. Makala haya yanashikilia kwamba kazi ya Cazale inaipinga dhana hiyo kwa ushahidi wa wazi: yeye alimwigiza mtu dhaifu, na udhaifu huo ndio uliompima shujaa.

Ushahidi mkubwa uko katika The Godfather Part II (1974), nyumbani kwa familia kando ya Ziwa Tahoe. Fredo amelala kwenye kiti cha kuegemea, Michael, mdogo wake aliyeigizwa na Pacino, anamhoji. Fredo anajaribu kujiinua, kiti kinamrudisha chini. Mikono inarukaruka, sauti inapanda, na uchungu wa miaka unamtoka: yeye ndiye kaka, akapitwa, akawa wa kutumwa vijikazi. Mahali popote ambapo ukubwa wa kuzaliwa una heshima yake, aibu hiyo inaeleweka bila maelezo. Cazale haombi huruma ya mtazamaji. Anauacha mwili wake ushindwe kusimama, basi. Pacino hapandishi sauti, na ubaridi wake unatutisha kwa sababu tumeuona ukimwangukia mtu aliye chini kiasi hicho.

Huenda msomaji akasema kwamba Cazale alibebwa na waongozaji hodari, Francis Ford Coppola, Sidney Lumet na Michael Cimino. Ni kweli walimpa nafasi. Lakini katika Dog Day Afternoon (1975) ya Lumet, inayotokana na wizi halisi wa benki uliotokea Brooklyn mwaka 1972, kuna jambo ambalo halikuandikwa na yeyote. Mwizi mkuu anamuuliza mwenzake, Sal, angependa kukimbilia nchi gani. Sal anafikiri, kisha anajibu: Wyoming. Jibu hilo Cazale alilibuni papo hapo. Kwa neno moja mtazamaji anajua kwamba huyu mwenye bunduki hajawahi kufika popote, na kwamba hatatoka salama. Sal halisi alikuwa kijana wa miaka 18. Cazale alikuwa anakaribia 40, na bado haiyumkiniki kumfikiria Sal mwingine.

Alipoanza kuigiza The Deer Hunter alikuwa na saratani ya mapafu. Cimino alipanga matukio ya Cazale yapigwe picha kwanza. Mwenzi wake, Meryl Streep, aliyekutana naye mwaka 1976 katika tamthilia ya Shakespeare, aliigiza pia katika filamu hiyo na alimuuguza hadi mwisho. Cazale alifariki tarehe 13 Machi 1978, akiwa na miaka 42, kabla filamu hiyo haijaonyeshwa.

Filamu zake ndefu, pamoja na The Conversation (1974), ni tano tu. Zote tano ziliteuliwa kuwania Oscar ya filamu bora, na tatu zikashinda. Yeye mwenyewe hakuteuliwa hata mara moja.