Nani alihesabu viingilio vya Masasi na Newala?

Uingereza kuna watu ambao kazi yao kila Jumatatu ni kuhesabu. Wanachukua mapato ya mlangoni ya majumba ya sinema kuanzia Ijumaa hadi Jumapili, wanajumlisha, halafu wanatoa orodha: filamu hii imeongoza, ile imeporomoka, nyingine imeingia leo na kesho inaondolewa. Vita kubwa huwa majira yao ya joto. Tarehe 21 Julai 2023, kwa mfano, "Barbie" na "Oppenheimer" ziliingia siku moja, na hadi mwaka unaisha "Barbie" peke yake ilikuwa imekusanya zaidi ya pauni milioni 90 kwa Uingereza na Ireland.

Wadau, mimi ni mwandishi wa habari na napenda takwimu. Lakini kila nikizisoma hizi najiuliza swali moja: kwetu je? Sisemi Dar es Salaam, ambako angalau kuna majumba ya kisasa yenye mashine za tiketi. Nasema kule kusini, Masasi na Newala, kwenye uwanda wa Wamakonde na miji inayouzunguka. Watu wa kule wameangalia sinema kwa miongo mingi. Nani aliwahesabu? Na kama hakuna aliyewahesabu, ni nani aliyepata hasara?

Msije mkadhani ni swali la mzaha. Tafadhali nifuateni taratibu.

Kwanza tujue kwa nini Waingereza wanahesabu. Si kwa sababu wao ni wasomi kuliko sisi. Wanahesabu kwa sababu kila tiketi ina wenyewe zaidi ya mmoja. Mwenye jumba la sinema hainunui filamu, anaikodi, na mapato ya mlangoni anagawana na msambazaji kwa asilimia. Serikali nayo ilikuwa mlangoni: kodi ya burudani ilianza mwaka 1916 na ikadumu hadi 1960. Mwaka 1950 ukaanzishwa mchango mwingine, Eady Levy, ambao ulikata sehemu ya bei ya tiketi na kuirudisha kwa watengenezaji wa filamu za Kiingereza. Uliendelea mpaka 1985. Wenye kugawana hawaaminiani, kwa hiyo wanahesabu. Hiyo ndiyo siri yote.

Hata hivyo hesabu zao zenyewe zina mitego. Mwaka 2008 "Mamma Mia!" iliingia Julai na ikawa filamu iliyoingiza fedha nyingi kuliko zote katika historia ya Uingereza hadi wakati ule, ikiwa na karibu pauni milioni 69. Lakini miaka minne kabla, 2004, taasisi ya filamu ya Uingereza, BFI, ilikuwa imetoa orodha ya aina nyingine. Haikuhesabu fedha, ilihesabu tiketi. Namba moja ikawa "Gone with the Wind", filamu iliyofika kule mwaka 1940, ikikadiriwa kuuza tiketi milioni 35. Sababu ni mbili: pauni ya 1940 si pauni ya 2008, na zamani watu walikwenda sinema kama tunavyokwenda sokoni. Mwaka 1946 Waingereza waliingia sinema zaidi ya mara bilioni 1.6. Mwaka 1984, enzi ya televisheni na video, walikuwa wamebaki kama milioni 54 tu. Hayo mnayajua kwa sababu kuna mtu alikaa akahesabu.

Jambo jingine litakalowafurahisha ndugu zangu wa kusini mliozoea kupata kila kitu mwisho: hata Uingereza ilikuwa ikisubiri. "Jaws", ambayo wengi huitaja kama mama wa filamu kubwa za majira ya joto, Wamarekani waliiona Juni 1975. London waliipata mwishoni mwa Desemba, kwenye baridi. "Star Wars" nayo Wamarekani waliiona Mei 1977, Waingereza Desemba. Kumbe foleni ni ndefu, tofauti ni nani amesimama wapi.

Sasa turudi nyumbani.

Hesabu ya kwanza kubwa ya watazamaji wa vijijini kwetu ilifanywa na wageni. Mwaka 1935 ulianza mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment, makao yake Vugiri, milima ya Usambara. Fedha nyingi zilitoka Carnegie Corporation ya New York. Wakuu wake walikuwa L. A. Notcutt na G. C. Latham. Hadi 1937 walikuwa wametengeneza filamu fupi zipatazo 35, kuhusu kilimo, magonjwa, kodi, hata benki ya akiba ya posta, na wakazizungusha kwa lori Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Mwaka 1937 wakatoa kitabu kinachoeleza walionyesha wapi, watu wangapi walikuja, walicheka wapi na walinyamaza wapi.

Kwa nini walihesabu? Sababu ni ile ile: kulikuwa na mtu mwenye fedha yake anayetaka kujua imefanya nini. Carnegie alitaka ripoti, na wakoloni walitaka kujua kama picha zinamfanya mwananchi alipe kodi na kuchimba choo. Mtazamaji mwenyewe hakulipa kiingilio, lakini alihesabiwa kama anavyohesabiwa ng'ombe aliyechanjwa.

Baada ya hapo yakaja magari ya sinema ya serikali. Wazee wanayakumbuka: gari linafika jioni, jenereta linawashwa, shuka jeupe linatundikwa, na mtu mwenye kipaza sauti anaeleza kinachoendelea. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 zilitengenezwa pia filamu za hadithi kwa Kiswahili. Mojawapo ni "Muhogo Mchungu", na mwigizaji wake mkuu alikuwa kijana mzaliwa wa Songea, Rashidi Kawawa. Ndiyo, yule yule Simba wa Vita, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu. Nyota wetu wa kwanza wa filamu alikuwa mtu wa kusini! Ukitaka kujua Waingereza wangapi waliona "Gone with the Wind" unapata jibu kwa dakika moja. Ukiuliza wangapi walimwona Kawawa kwenye shuka lile, hakuna orodha ya namna hiyo ya kukujibu.

Majumba ya sinema ya kulipia yalifuata pwani, reli na maduka makubwa. Kusini, hiyo ilimaanisha Lindi na Mtwara. Mwanakijiji wa Kitangari au Lulindi hakuwa na jumba la kwenda Jumapili na familia. Hata Nachingwea, ambako serikali ya Uingereza ilimwaga fedha kwa ajili ya karanga kuanzia 1947, mradi ulikufa mapema mwaka 1951, na reli iliyojengwa kutoka Mtwara iling'olewa miaka ya mwanzo ya 1960. Reli ikiondoka, vingi huondoka nayo.

Baada ya Uhuru, mwaka 1968, ikaundwa Tanzania Film Company. TFC ilipewa kazi ya kuleta na kusambaza filamu nchini, na baadaye ikatengeneza za kwake, kama "Fimbo ya Mnyonge" ya miaka ya 1970, iliyofundisha Ujamaa. Mijini hesabu ya viingilio ilikuwepo, kwa kuwa jumba lilikodi filamu kwa msambazaji. Vijijini sinema iliendelea kuwa somo la bure. Kitu cha bure hakina tiketi, na kisicho na tiketi hakina rekodi ya mapato.

Halafu ikaja video, na hapa ndipo historia yetu ya kweli ya viingilio inapoanzia. Banda la video! Nani kati yetu hakuingia? Magunia au mabati, mabenchi, televisheni moja juu ya meza, deki chini yake, na ubao nje umeandikwa kwa chaki: leo Rambo, kesho Kihindi, usiku mpira. Baadaye wakaja watafsiri, akina Lufufu, wakitia Kiswahili juu ya Kiingereza cha Schwarzenegger. Ukiwafikiria vizuri, ni wajukuu wa yule mtu wa kipaza sauti kwenye gari la serikali.

Nilipokwenda Masasi na Newala kwa kazi za gazeti, kufuatilia korosho, nilikaa na wazee wawili watatu waliowahi kuendesha mabanda. Walichonieleza ni darasa. Wao hawakuhitaji kampuni ya takwimu. Walijua kwamba filamu kubwa ya mwaka haitegemei Juni wala Julai. Miezi ile ya kiangazi, baada ya mavuno ya chakula, vijiji vina ngoma, jando na unyago, na mfukoni hamna kitu. Msimu wa filamu unaanza korosho zikianza kulipwa, kuanzia Oktoba kuelekea mwisho wa mwaka. Hapo banda linajaa hadi watoto wanakaa chini mbele ya kioo, na mwenye banda anaongeza kiingilio bila kuomba radhi. Mvua za masika zikishika na hela zikiisha, anarudi kwenye Rambo ya zamani kwa bei ya chini.

Kwa hiyo ukitaka kukisia mapato ya mabanda ya uwanda ule, soma takwimu za korosho. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna karibu tani 145,000. Watu wakahamishiwa vijiji vya Ujamaa wakaacha mikorosho mbali, bei zikawa mbaya, ugonjwa wa ubwiriunga ukaingia, na katikati ya miaka ya 1980 mavuno yalikuwa yameshuka chini ya tani 20,000. Yaani video ilikuja nchini wakati mkulima wa kusini hana hela ya kuiangalia. Mwaka 2003 Daraja la Mkapa lilifunguliwa Rufiji, na kanda kutoka Kariakoo zikaacha kusubiri kivuko. Msimu wa 2007/08 ukaanza mfumo wa stakabadhi ghalani. Msimu wa 2017/18 mavuno yalivuka tani 300,000. Mwaka uliofuata wakulima walikataa bei za mnadani, na Novemba 2018 Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likabeba. Malipo yakasubiri uhakiki. Muulize yeyote mwenye biashara Newala mwaka ule, awe wa banda, wa baa au wa nguo, atakwambia uhakiki ulikuwa na ladha gani.

Angalieni jambo hili. Korosho zinapimwa kwa kilo na gramu. MAMCU na TANECU wana daftari, chama cha msingi kina daftari, halmashauri ina ushuru wake. Kwa nini? Kwa sababu wenye kugawana ni wengi, kama kwenye tiketi ya London. Lakini hela ile ile ya korosho ikishaingia bandani, inapotea machoni pa kila mtu. Mwenye banda alinunua kanda mara moja, basi. Kilichoingia mlangoni ni chake. Hakuna anayemdai, kwa hiyo hakuna anayemhesabia.

Kwa Rambo hilo halikutuuma. Sylvester Stallone hakulala njaa. Lakini miaka ya 2000 zilipoingia filamu zetu, kuanzia "Girlfriend" ya 2003 na zilizofuata, mfumo ule ule ukawala wenyewe. Msanii aliuza masta kwa msambazaji Kariakoo kwa fedha ya mara moja. Ikauzwa nakala elfu moja au laki moja, yeye hakuwa na sehemu. Na mwenye banda wa Masasi akiionyesha mwezi mzima msimu wa korosho, msanii hakujua hata kwamba Masasi anapendwa. Sheria ya hakimiliki ilikuwepo tangu 1999, na COSOTA ipo. Mwaka 2013 zikaja stempu za kodi za TRA kwenye kazi za filamu na muziki, na angalau nakala halali zikaanza kuhesabiwa. Lakini stempu inahesabu kasha, haihesabu macho.

Steven Kanumba alifariki tarehe 7 Aprili 2012. Umati ulioujaza uwanja wa Leaders Kinondoni siku ya kumuaga ulishangaza wengi, wakiwemo wanasiasa. Mimi nadhani mshangao ule ndio ushahidi wangu mkubwa. Nchi ilikuwa na nyota anayetazamwa kutoka Bukoba hadi Newala, na ikaja kujua ukubwa wake msibani, kwa sababu hatukuwa na orodha ya Jumatatu.

Leo mabanda mengi yamebadilika. Yanaishi kwa Simba na Yanga na ligi ya Uingereza, na filamu zimehamia kwenye simu, ambako kampuni za mbali zinahesabu kila anayebonyeza. Kwa hiyo mtu wa Masasi sasa anahesabiwa tena, na kwa mara nyingine hesabu inawekwa na mgeni.

Sisemi Newala ijengewe jumba la sinema kesho, ingawa kukaa pale karibu na Shimo la Mungu, Msumbiji ikionekana ng'ambo ya Ruvuma, ningelipa kiingilio kwa furaha. Nasema hivi: tunajua kuhesabu. Chama cha msingi cha korosho kinafanya hivyo kila msimu, kwa mizani na karani. Wenye kutunga sera za filamu wangekwenda kukaa pale mnadani siku moja, wangeona kwamba mkulima amekuwa na daftari kuliko mwigizaji. Na wale wazee wa mabanda bado wapo. Waulizwe sasa filamu gani ilijaza banda na mwaka gani, kabla kumbukumbu zao hazijaondoka kama ile reli ya Nachingwea.

Naomba kutoa hoja.