Aksoloti akifa ghafla, chunguza maji kwanza

AKSOLOTI ni mnyama wa jamii ya salamanda anayeishi majini maisha yake yote, matamvua yake yakining'inia kama manyoya pande mbili za kichwa. Akitunzwa vyema katika tangi la kioo, huishi miaka 10 hadi 15. Ndiyo maana mfugaji anayemkuta amekufa asubuhi, ilhali jana yake alikula vizuri, hushindwa kuelewa kilichojiri.

Mara nyingi chanzo huwa ni maji, hata yakiwa maangavu kabisa. Kinyesi na mabaki ya chakula huoza na kutoa amonia, sumu isiyoonekana kwa macho. Katika tangi lililokomaa, bakteria wanaoishi kwenye kichujio huigeuza amonia kuwa naitraiti, ambayo pia ni sumu, kisha kuwa naitreti yenye madhara machache. Bakteria hao huhitaji takribani wiki nne hadi nane kuenea. Anayenunua tangi leo na kumtia mnyama kesho amemweka katika nyumba isiyo na choo.

Ajabu ni kuwa usafi wenyewe huweza kuua. Mfugaji mwenye bidii huosha kichujio kwa maji ya mfereji hadi king'are, na klorini iliyomo huwaangamiza bakteria. Siku chache baadaye amonia hupanda na mnyama hufa, wala mwenyewe hakumbuki kuhusisha kifo hicho na usafi alioufanya. Isitoshe, maji ya mfereji yakimiminwa tangini bila dawa ya kuondoa klorini, huunguza matamvua na ngozi.

Joto nalo ni adui. Asili ya aksoloti ni maziwa na mifereji ya Xochimilco, kusini mwa Jiji la Mexico, mahali palipo zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Humfaa maji ya nyuzijoto 16 hadi 18 za selsiasi. Yakizidi 24, hewa ya oksijeni hupungua na maradhi humvamia kwa urahisi.

Aidha, aksoloti hula kwa kufyonza, na changarawe zikiwa sakafuni humeza chakula pamoja na mawe. Matumbo huziba.

Dalili huwapo kabla ya mauti: kukataa chakula, matamvua kujikunja kuelekea mbele, ncha ya mkia kupinda, au kuelea bila kuweza kuzama. Ni haki kusema kwamba vifo vingi vinavyoitwa vya ghafla vilikuwa vya polepole.

Kule kwao hali si nafuu. Hesabu ya mwaka 1998 ilikadiria aksoloti 6,000 kwa kila kilomita mraba huko Xochimilco; kufikia 2014 walikuwa 36 pekee. Wanaofugwa majumbani huzalishwa vizimbani, na kwa kuwa vizazi vyao vimezaliana wenyewe kwa wenyewe kwa muda mrefu, udhaifu wa kurithi hauwezi kupuuzwa.

Anayetaka kujua ukweli asimwage maji kabla ya kuyapima amonia, naitraiti na joto. Mzoga uhifadhiwe kwenye jokofu, si kwenye barafu, kwani kugandishwa huharibu nyama ambayo daktari wa mifugo angeichunguza. Iwapo tangini wamesalia wengine, wahamishiwe mara moja katika maji baridi yaliyoondolewa klorini.