Matete, makaa na chuma cha Kagera

Ngara, mkoani Kagera, siku hizi hutajwa kwa nikeli ya Kabanga. Ila nchi hii ya magharibi mwa Ziwa Victoria iliyajua madini zamani sana. Upande wa Biharamulo na Geita, katika Uzinza, walikuwapo Warongo, wafua chuma wa makabila mbalimbali waliounganishwa na kazi yao. Majembe ya huko yaliuzwa hadi Usukumani.

Kaskazini zaidi, Uhayani, ufundi huo ulipimwa kisayansi. Mwaka 1976 wazee wa Kihaya, walioacha kuyeyusha chuma miongo mingi nyuma, walijenga tanuri upya mbele ya mwanaakiolojia Peter Schmidt. Walichimba shimo, wakachomea humo matete ya bwawani mpaka yakawa makaa, kisha wakainua tanuri kwa udongo wa kichuguu na mavi ya chuma ya kale. Mabomba manane ya udongo yakapenyezwa hadi ndani ya moto, na mivukuto ikaanza kazi.

Kinachonivutia mimi ni hayo matete. Mavi ya chuma yaliyoyeyuka yalidondokea juu yake, na humo chuma kikanyonya kaboni. Bila kaboni chuma hupinda upesi. Kikipata chini ya asilimia 2 huwa chuma cha pua, chenye kushika makali. Kaboni ikizidi hapo, chuma huvunjika.

Mwaka 1978 Schmidt na mwenzake Donald Avery waliandika katika jarida la Science kwamba hewa iliyopata moto ndani ya mabomba ilipandisha joto kupita nyuzi 1,800, na kwamba tanuri za kale za eneo hilo zina miaka 1,500 hadi 2,000. Hoja ya hewa ilipingwa vikali na wataalamu wengine, na ubishi ukaendelea kwa miaka.

Leo maabara za dunia zinahangaika na kaboni ile ile. Grafini, utando wake wenye unene wa atomu moja, ilitengwa Manchester mwaka 2004 na Andre Geim na Konstantin Novoselov. Watafiti huichanganya na unga wa titani ili kuipa nguvu metali hiyo nyepesi. Shida ni kwamba titani ikipata moto huila kaboni na kuunda kabidi: kidogo hushikanisha, nyingi huimaliza grafini na kuifanya metali ikatike. Kwa hiyo unga hugandamizwa na kupitishiwa umeme, uive kwa dakika chache tu.

Mwalimu wa uhandisi anayemfundisha mwanafunzi wa Kagera habari za kaboni ndani ya metali aanzie kwenye shimo la matete, kisha ndipo afike Manchester.